Glorious, 8 Juni 1940: historia uigeuzie wapi?

Anayetaka kuandika hadithi ya historia mbadala kuhusu HMS Glorious, manowari ya Uingereza ya kubeba ndege iliyozamishwa siku hiyo, au kuipanga vita yake mezani kama mchezo, hakwami kwa kukosa mawazo. Hukwama kwa wingi wake. Siku ile ina mambo kadhaa ambayo lingebadilika moja tu, mengine yote yangekwenda njia nyingine, na kila mpenzi wa habari za vita vya baharini ana lake analolishikilia. Nimechagua manne na kuyapima kwa vigezo vilevile. Sitakuambia lipi ni bora kuliko yote, kwa sababu jibu linategemea unachotaka kukijenga juu yake.

Yaliyotokea

Mwanzoni mwa Juni 1940 Waingereza, Wafaransa na Wapoland walikuwa wanaondoka kaskazini mwa Norway. Mji wa Narvik walikuwa wameuteka tarehe 28 Mei, lakini Ufaransa ilikuwa inaanguka na askari walihitajika kwingine. Watu wapatao 24,500 wakaanza kupakiwa melini kimyakimya, wakikingwa na manowari mbili za kubeba ndege, Ark Royal na Glorious. Glorious ilipokea pia ndege za jeshi la anga zilizokuwa zikipigana kutoka nchi kavu, zikiwamo Hurricane 10 ambazo hazikuundwa kutua melini. Mafundi walifunga mifuko ya mchanga mkiani ili rubani aweze kukanyaga breki kwa nguvu bila ndege kupiga pua. Zote zilitua salama.

Alfajiri ya tarehe 8, nahodha wa Glorious, Guy D'Oyly-Hughes, aliomba ruhusa ya kutangulia Scapa Flow, bandari ya jeshi la majini kaskazini mwa Uskoti, akapewa. Sababu aliyotaja ilikuwa matayarisho ya mahakama ya kijeshi: alikuwa amegombana na mkuu wa shughuli za ndege wa meli yake, J. B. Heath, akamwacha bandarini akisubiri kushtakiwa. Baadaye maelezo rasmi yakawa kwamba meli ilipungukiwa mafuta, na mjadala huo haujakwisha hadi leo. Vyovyote iwavyo, Glorious iliondoka na wasindikizaji wawili tu, Ardent na Acasta. Ilikuwa inakwenda noti 17, sawa na kilomita 31 hivi kwa saa. Boila 12 kati ya 18 ndizo zilizokuwa na moto. Angani hapakuwa na ndege ya doria, sitahani hapakuwa na ndege iliyo tayari kuruka, na juu ya mlingoti hapakuwa na mlinzi. Rada haikuwa nayo.

Admirali Wilhelm Marschall alikuwa ametoka Kiel tarehe 4 Juni na manowari nzito mbili, Scharnhorst na Gneisenau, kila moja ikiwa na mizinga tisa ya sentimita 28. Alasiri ile, kabla ya saa kumi, mlinzi wa Scharnhorst aliona moshi kwenye upeo. Saa 10:32 Scharnhorst ikaanza kuipiga Glorious. Saa 10:38, kutoka umbali wa kilomita 24 hivi, kombora likatua kwenye sitaha ya kurukia na kulipua banda la ndege lililo chini yake. Hakuna ndege iliyoruka tena. Kombora jingine likaua nahodha na wengi waliokuwa naye. Moshi wa wasindikizaji uliificha meli kwa muda, kisha mashambulizi yakaendelea, na saa 12:10 jioni ikazama. Katika meli zote tatu walikufa watu zaidi ya 1,500; walionusurika walikuwa kama 40.

Lakini Acasta haikuondoka mikono mitupu. Ikiwa peke yake na karibu kuangamia, ilifyatua topedo lililoipata Scharnhorst upande wa tezi, yaani nyuma, na kuua watu wapatao 50. Marschall akaacha uwindaji na kuipeleka meli iliyojeruhiwa hadi Trondheim, bandari ya Norway iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Misafara ya askari ikapita bila kuguswa.

Usiharakishe kulipita jambo hilo. Waandishi wengi huiokoa Glorious kisha wakasahau kwamba, kwa kufanya hivyo, wamelifuta topedo la Acasta. Scharnhorst na Gneisenau zinabaki nzima, zina mafuta, na mahali fulani baharini kuna maelfu ya askari kwenye meli za abiria. Badiliko lolote utakalochagua, itabidi ulijibu swali hilo.

Vigezo

Cha kwanza ni ukubwa wa badiliko: unahitaji kusukuma nini, na kwa nguvu kiasi gani, ili historia igeuke? Cha pili ni ushahidi: kumbukumbu za vita zinasemaje kuhusu uwezekano wa jambo hilo na matokeo yake? Cha tatu ni athari: mambo yanabadilika kwa siku moja tu au kwa vita nzima? Cha nne ni kazi inayofaa: riwaya, hadithi fupi, mchezo wa mezani, au mdahalo. Ningeongeza cha tano, ladha, lakini hicho hakipimiki.

Chaguo la kwanza: ndege moja ya doria

*Badiliko.* Saa tisa alasiri Swordfish moja, ndege ya kubeba topedo, inaruka na kuzunguka meli. Basi. Hakuna silaha mpya wala askari wa ziada. Ni amri moja tu ambayo nahodha hakuitoa.

*Ushahidi.* Ni mwingi, na ndiyo sababu chaguo hili linapendwa. Hali ya hewa ilikuwa safi na macho yalifika mbali sana. Ndege zilikuwapo. Ark Royal ilikuwa ikifanya doria za namna hiyo kama kawaida. Lisilo rahisi ni moyo wa nahodha mwenyewe. D'Oyly-Hughes alikuwa mtu wa nyambizi, shujaa wa vita vya kwanza, na uhusiano wake na watu wa ndege ulikuwa umeharibika. Wahudumu wa ndege nao walikuwa wamechoka kwa siku nyingi za kazi. Kwa hiyo mwandishi anahitaji kitu cha kumfanya abadili mawazo. Kipo, tena cha kweli: huko Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuchunguza mawasiliano ya siri ya adui, Harry Hinsley, kijana aliyekuwa akichambua mawasiliano ya redio ya Wajerumani, alikuwa ameonya makao ya jeshi la majini kwamba huenda meli kubwa zinatoka Baltic. Hawakumsikiliza. Ukifanya mtu mmoja London amsikilize, onyo linaifikia Glorious asubuhi, na ndege inaruka mchana.

Sasa hesabu. Tuseme rubani anaziona manowari za Marschall zikiwa kilomita 60 kutoka kwenye meli yake. Glorious inageuza tezi kwa adui na kuwasha boila zilizobaki, kazi inayochukua muda. Ikifika karibu na kasi yake ya noti 30, Wajerumani wenye noti 31 hivi watakuwa wakipunguza pengo kwa kilomita mbili tatu tu kwa saa. Hata wakizidi kwa noti mbili nzima, watahitaji zaidi ya saa tisa kulifikia lile pengo la kilomita 24. Tatizo ni kwamba latitudo zile mwezi Juni hazina usiku. Glorious haina giza la kujifichia, na mbio zinaweza kuendelea hadi boila moja isalimu amri.

*Athari.* Za kati. Meli inaokoka, watu 1,500 wanaishi, na Admirali Charles Forbes, mkuu wa kikosi cha majini cha Uingereza, anapata habari za adui mapema zaidi kuliko alivyopata kwa kweli. Marschall naye ana machaguo mawili: kukimbia nyumbani kwa sababu ameonekana, au kugeukia misafara kabla mtego haujafunga. Hapo ndipo hadithi inapoanza kweli, na watu wengi huimalizia hapohapo.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi anayetaka watu kabla ya mizinga. Nahodha mkaidi, afisa aliyeachwa bandarini, marubani wa nchi kavu wasiojua desturi za melini: drama iko tayari. Pia linamfaa anayeanza, kwa kuwa msomaji hatauliza sana "hilo lingewezekanaje?"

Chaguo la pili: ruhusa inanyimwa

*Badiliko.* Makamu Admirali Lionel Wells, akiwa Ark Royal, anajibu hapana. Glorious inabaki na wenzake.

*Ushahidi.* Kwa upande wa uwezekano, hakuna kinachopinga. Ombi la kuondoka kwenye eneo la hatari kwa ajili ya kesi lingeweza kukataliwa na mkuu yeyote mwenye asubuhi mbaya. Matokeo ndiyo magumu kuyakisia. Kabla ya kuiona Glorious, Marschall alikuwa ameshazamisha meli ya mafuta Oil Pioneer, mlinzi wake mdogo Juniper, na Orama, meli ya abiria iliyokuwa tupu, huku akiiachia meli ya hospitali Atlantis ipite. Kisha aliituma Trondheim kruza nzito Hipper, iliyokuwa imetoka Kiel pamoja naye, na wasindikizaji wake. Asipokutana na Glorious, anaendelea kutafuta, na huenda akajikuta mbele ya manowari mbili za kubeba ndege zenye doria angani.

Hapa mwandishi hushawishika kuzifanya ndege za Ark Royal ziizamishe Scharnhorst. Ashike breki. Tunajua ndege za namna hiyo zilivyofanya mwezi uleule. Tarehe 13 Juni Skua 15 za Ark Royal, ndege za kudondosha mabomu, ziliishambulia Scharnhorst ikiwa Trondheim: nane zilipotea, na bomu moja lililoipata meli halikulipuka. Tarehe 21 Juni Swordfish sita kutoka uwanja wa Hatston, visiwa vya Orkney, ziliifuata ikiwa baharini njiani kurudi Ujerumani. Topedo zote zilikosa. Kweli, mwaka mmoja baadaye Swordfish za Ark Royal ziliharibu usukani wa manowari ya Ujerumani Bismarck, lakini mafanikio hayo yalitokana na mazoezi na makosa ya mwaka mzima. Katika Juni 1940, kumfanya Marschall ageuke kwa hofu ya ndege kunaaminika. Kumzamisha kunahitaji bahati kubwa.

*Athari.* Ni pana, lakini zimetawanyika. Huenda lisitokee lolote. Huenda vikatokea vita vikubwa kati ya ndege na manowari, miezi kabla ya ndege za Uingereza kuzishambulia manowari za Italia bandarini Taranto.

*Kinamfaa nani.* Wachezaji wa ramani kubwa, wenye subira ya kusogeza misafara, doria na mafuta kwa saa nyingi. Kwa hadithi fupi silipendekezi. Linadai kurasa nyingi kabla ya mtu yeyote kufyatua chochote.

Chaguo la tatu: kombora la saa 10:38 linakosa

*Badiliko.* Mita chache. Kombora lilelile linaanguka majini ubavuni mwa Glorious na kuinua nguzo ya maji.

*Ushahidi.* Chaguo hili lina kitu ambacho mengine hayana. Kupiga meli inayokwenda kutoka kilomita 24, tena dakika chache tu baada ya kuanza kufyatua, ni miongoni mwa shabaha za mbali kuliko zote zilizowahi kupatikana kwa mizinga ya majini. Yaani kilichotokea ndicho kisichotarajiwa. Kukosa ndiko kulikokuwa kawaida. Unaondoa bahati ya upande mmoja tu, na msomaji mkali kuliko wote hana pa kukushika.

Baada ya hapo, hata hivyo, mambo si mepesi. Sitaha inatumika bado, mabaharia wanahangaika kufunga topedo kwenye Swordfish, lakini upepo unatoka kaskazini-magharibi. Adui yuko upande wa joshi, upepo unakotoka. Ili ndege nzito kwa topedo zipate upepo wa kutosha, omo ya meli, yaani mbele yake, lazima ielekee upepo, na kuelekea upepo ni kumsogelea mwenye mizinga. Nahodha anaweza kuchagua kukimbia demani, upepo unakoelekea, nyuma ya moshi na kukosa ndege, au kugeuka, kuzirusha, na kujipunguzia umbali. Kwa mwandishi wa hadithi, dakika hizo kumi ni hazina. Kwa mtengenezaji wa michezo, ni uamuzi mmoja mzuri mno wa kumkabidhi mchezaji.

Kama Swordfish chache zikiruka, zitafanya nini? Rekodi ya tarehe 21 niliyoitaja hapo juu inakuonya. Lakini ipo nyingine inayovuta upande wa pili: tarehe 25 Oktoba 1944, karibu na kisiwa cha Samar, Ufilipino, manowari sita ndogo za kubeba ndege za Marekani chini ya Clifton Sprague zilijikuta zikifukuzwa na Takeo Kurita mwenye manowari nzito nne, Yamato ikiwamo. Moja tu kati ya hizo sita, Gambier Bay, ilizamishwa kwa mizinga. Ndege zilizokuwa zikirukaruka juu ya Wajapani, nyingine zikiwa hazina hata mabomu, ziliwalazimisha kukwepa na kuvunja mpangilio, na wasindikizaji wakajitosa kwa topedo kama Acasta ilivyofanya. Somo la Samar kwa mtunzi wa Glorious ni kwamba ndege si lazima ipige. Inatosha imfanye adui ageuke. Tofauti pia isisahaulike: Sprague alikuwa na ndege nyingi na vikosi jirani vya kumsaidia, D'Oyly-Hughes alikuwa na Swordfish chache na bahari tupu.

*Athari.* Za siku moja, lakini kali. Meli inaweza kuokoka kwa jeraha, au kuzama saa mbili baadaye kuliko ilivyozama, ujumbe wake wa redio ukiwa umesikika vizuri.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi wa hadithi fupi ya mapambano, na mpenzi wa mchezo wa mezani wa kumalizika jioni moja. Kete mbili, ramani moja, meli tano.

Chaguo la nne: topedo la Acasta linakosa

*Badiliko.* Glorious inazama kama ilivyozama. Scharnhorst inageuka sekunde chache mapema, topedo linapita nyuma ya tezi.

*Ushahidi.* Topedo hukosa mara nyingi kuliko linavyopata, kwa hiyo uwezekano si tatizo. Marschall alikuwa na nia, kasi na mizinga. Alichokosa ni habari. Hakujua hasa misafara iko wapi, wala hakujua kwamba kruza Devonshire, iliyoondoka Tromsø tarehe 7, ilikuwa baharini na Mfalme Haakon VII, mwanamfalme Olav na serikali ya Norway ndani yake. Devonshire ilinasa ujumbe hafifu wa Glorious, lakini mkuu wake, John Cunningham, alinyamaza na kuendelea na safari, maana kujibu kungemfichua.

*Athari.* Ni kubwa kuliko zote nne, na si lazima uzitie chumvi. Kwanza, askari. Meli za abiria zilizojaa watu mbele ya mizinga ya sentimita 28 ni janga lisilohitaji maelezo, tena siku chache baada ya askari kuokolewa Dunkirk na siku mbili kabla ya Italia kuingia vitani. Winston Churchill alikuwa hajatimiza mwezi mmoja madarakani, na kampeni ya Norway ilikuwa imeshamwangusha aliyemtangulia.

Pili, mfalme. Mwezi Aprili Haakon alikuwa amekataa kuitambua serikali ya Quisling, kibaraka wa Wajerumani, akasema ni afadhali ajiuzulu. Serikali yake ilikuwa imeziweka meli za biashara za Norway, zipatazo 1,000, chini ya shirika moja, Nortraship, na meli hizo zikaja kuibebea Uingereza mafuta na chakula miaka yote ya vita. Mfalme na mawaziri wakizama au wakitekwa, nani anatia saini kwa niaba ya Norway? Hapo kuna riwaya nzima ya siasa, na mzinga haufyatuliwi tena baada ya sura ya tatu.

Onyo dogo: usimfanye Marschall akutane na kila kitu. Misafara na Devonshire kwa pamoja, siku moja, ni bahati ya kupita kiasi, na msomaji ataacha kukuamini. Chagua kimoja.

*Kinamfaa nani.* Mwandishi wa riwaya ndefu, au walimu na klabu za historia wanaotaka mdahalo kuhusu namna kitendo cha meli ndogo inayozama kinavyoweza kushika mambo ya mataifa. Halimfai anayetaka ushindi wa Glorious. Humu meli hiyo haina nafasi.

Ukikwama bado

Kama unaandika hadithi yako ya kwanza ya aina hii na kurasa ni chache, chagua la tatu ukitaka mizinga, la kwanza ukitaka watu. Kama wasomaji wako ni wajuzi wanaohesabu boila, la tatu litakupa amani zaidi, kwa kuwa la kwanza litaleta ubishi usioisha kuhusu tabia ya nahodha. Kama unataka kuona vita vyote vikibadilika, la nne. La pili mpe mwenye marafiki wanne, ramani kubwa na siku nzima ya mapumziko.

Unaweza kuunganisha mawili. La kwanza na la nne hukaa vizuri pamoja: doria inaiokoa Glorious, halafu Scharnhorst isiyo na jeraha inageukia misafara, na nahodha aliyeokoka anajua kwamba ndege zake ndizo pekee zilizo karibu. Kati ya miunganiko yote niliyoiwaza, huu ndio unaonisisimua, japo ni mgumu kuumaliza.

Na kama Norway iko mbali mno na moyo wako, iko njia nyingine, tena ya bahari yetu. Mwishoni mwa 1939 Glorious hiyohiyo ilikuwa ikiitafuta manowari ya Ujerumani Admiral Graf Spee katika Bahari ya Hindi, ikitumia Aden. Tarehe 15 Novemba Graf Spee, yenye mizinga sita ya sentimita 28, ilizamisha meli ndogo ya mafuta, Africa Shell, kwenye pwani ya Msumbiji, kisha ikarejea Atlantiki. Hazikukutana. Ukizikutanisha, unapata bahari yenye joto, usiku wa giza kamili, adui mmoja badala ya wawili, na wahudumu wa ndege wa Glorious ambao ugomvi wao na nahodha haujafikia mahakama ya kijeshi. Vigezo ni vilevile. Anza na ukubwa wa badiliko, ambao hapa ni umbali ambao meli moja ingelazimika kusafiri kuelekea kusini kwa siku chache za Novemba.